Sigaa ya Kijani: Kati ya Mbivu na Mbichi

Sigaa yenye jani la kijani haina watu wa katikati. Wapo wanaoiangalia na kucheka, wakisema hiyo ni tumbaku iliyoepuliwa kabla haijaiva; na wapo wanaoitetea kama mtu anayemtetea ndugu aliyesingiziwa. Baina ya kambi hizo mbili yanazunguka maneno mengi: eti imepakwa rangi, eti ndani imetiwa mnanaa, eti imetoka shambani juzi tu, eti ni kali mno, eti ni laini mno, eti ni ya asili kuliko ile ya kahawia. Mengi ya maneno hayo hayana msingi, na yale machache yenye ukweli yamechanganywa na uzushi hata hayatambuliki tena. Chanzo cha ubishi wote ni siku tatu tu. Ni siku tatu ambazo jani lile lilikaa katika bani, yaani banda la kukaushia tumbaku, lililokolezwa moto, ilhali majani mengine ya sigaa hukaa wiki sita, saba, hata nane yakining'inia kivulini na kupigwa na hewa.

Kabla ya kuingia humo bani, tuelewane kwanza kuhusu kitu chenyewe. Sigaa, ambayo wengine huiita biri, si sigara. Sigara ni tumbaku iliyokatwakatwa ikaviringwa kwa karatasi. Sigaa ni jani juu ya jani. Kuna tumbaku ya ndani, ambayo ndiyo karibu sigaa nzima. Kuna jani la kufungia, linaloishika hiyo ya ndani isitawanyike. Halafu kuna jani la nje, jembamba, lisilo na tundu wala mishipa iliyotutumka, linalochaguliwa kwa sura kama kitambaa cha nguo ya sherehe. Sigaa ya kijani ni ya kijani kwenye jani hilo la nje peke yake. Ipasue kwa kisu kutoka ncha hadi ncha, na ndani utakuta kahawia ileile ya sigaa nyingine yoyote, imekaushwa polepole na kuvundikwa kama kawaida. Nimelisema hili mapema kwa sababu nusu ya ubishi huwa unaishia hapo.

Jani hilo linaitwa candela. Neno ni la Kihispania, lugha ya mashamba ya tumbaku ya Kuba na Amerika ya Kati, na maana yake ni moto au mwali. Wafanyabiashara hupanga sigaa kwa ngazi ya rangi: claro ni ile ya kahawia hafifu, colorado ni nyekundunyekundu, maduro ni kahawia iliyokolea, oscuro inakaribia weusi. Candela huwekwa kabla hata ya claro, ndiyo maana majina yake mengine ni claro claro au double claro, yaani hafifu kuliko hafifu. Sasa neno maduro, kwa Kihispania, maana yake ni bivu. Kwa hiyo waliopanga ngazi hii walikuwa wanazungumzia mbivu na mbichi kabla sisi hatujaanza kubishana, na swali lililobaki ni kama hii ya kijani, iliyo mwanzo wa ngazi, kweli tuiite mbichi.

Neno lenyewe lina mitego. Tunda bichi ni ambalo halijaiva. Kuni mbichi ni zile ambazo hazijakauka. Nyama mbichi haijapita motoni. Jani la candela si bichi kama kuni, kwa kuwa limekauka vizuri kabisa. Si bichi kama nyama, kwa kuwa limeona moto mwingi kuliko jani lingine lolote lililomo ndani ya sigaa hiyohiyo. Ila ni bichi kama tunda, na kwa namna mbili: mara nyingi huchunwa kabla halijakomaa sawasawa, na likishachunwa halipewi nafasi ya kuiva.

Hapo ndipo Kiswahili chetu kinapotuficha jambo. Sisi husema kukausha tumbaku, tukamaliza. Tunazungumza kana kwamba kinachotakiwa ni kutoa maji tu, kama nguo kwenye kamba. Kumbe kwenye lile bani zinafanyika kazi mbili kwa pamoja. Moja ni kutoa maji. Nyingine ni kuliivisha jani, na kazi hiyo ya pili haifanywi na mkulima wala na hewa. Inafanywa na jani lenyewe.

Jani likichunwa halifi palepale. Chembe zake huendelea kuishi kwa siku kadhaa zikihangaika, maana zimekatiwa maji na chakula kutoka kwenye shina. Kwa njaa hiyo huanza kujila. Wanga uliomo hugeuzwa kuwa sukari na sukari hiyo huunguzwa ili chembe zipate nguvu. Protini huvunjwavunjwa. Klorofili, ile rangi ya kijani ambayo kazi yake ilikuwa kunasa mwanga wa jua, nayo huvunjwa na vimeng'enya, yaani viambato vya jani vinavyoharakisha mabadiliko ya kikemia. Ikiondoka, jani huwa la njano. Njano hiyo haikuletwa na mtu. Ilikuwemo tangu shambani, imefunikwa na kijani. Kisha chembe zikianza kufa na kuta zake kupasuka, vimeng'enya vingine hukutana na polifenoli, kemikali za asili za jani, na oksijeni ya hewani, na hapo ndipo kahawia inapoingia, kama linavyofanya tofaa lililokatwa likaachwa wazi. Kijani, njano, kahawia: ndiyo safari ya jani la sigaa, na haitaki haraka. Jani likikauka kabla safari haijaisha, linaganda pale lilipofikia, kwa sababu vimeng'enya bila maji havifanyi kazi.

Candela ni jani lililogandishwa kwenye kituo cha kwanza, na kwa makusudi.

Jinsi ya kuligandisha ni hivi. Majani hutungwa kwa uzi na kuning'inizwa kwenye fito, kama yanavyofanywa mengine yote, lakini bani lake hufungwa na kutiwa joto. Mwanzoni joto si kubwa, nyuzi thelathini na kitu za Selsiasi, siku ya joto tu. Halafu linapandishwa hatua kwa hatua, hadi kufikia nyuzi sabini na kitu, huku unyevu unaotoka kwenye majani ukipewa njia ya kutoka nje. Kwa kama saa 72 kazi imekwisha. Jani ni la kijani, limekauka hadi linavunjika likiguswa tu, kwa hiyo bani huachiwa unyevu tena ili majani yalainike kabla mtu hajathubutu kuyashusha.

Ukisoma harakaharaka utadhani ni kazi ya kuwasha moto na kwenda kulala. Sivyo. Klorofili ina maadui wawili, na dawa ya mmoja ni chakula cha mwingine. Adui wa kwanza ni vimeng'enya: ukichelewesha joto, vinaanza kuivunja na jani linapata madoa ya njano. Adui wa pili ni joto lenyewe. Katikati ya kila molekuli ya klorofili kuna atomu moja ya madini ya magnesi, na jani lenye maji likichemka, asidi zilizomo huing'oa magnesi hiyo, na kijani chenye uhai kinageuka kuwa kijani kilichofubaa, kama cha mboga ya majani iliyosahauliwa motoni. Kwa hiyo ukiwahisha joto jani likiwa bado na maji mengi, unalichemsha. Ufundi wote wa candela ni kutoa maji upesi kiasi cha kuvizuia vimeng'enya, lakini kwa joto dogo kiasi cha kutolichemsha jani, na moto mkubwa uje baadaye, wakati hamna tena maji ya kuchemka. Anayesema candela ni tumbaku ya wavivu hajafikiria hilo.

Wanaoijua tumbaku ya mvuke, ile ya Virginia inayotengenezewa sigara, hapa watauliza: na sisi si tunatumia joto pia? Kweli, na joto la mwisho halitofautiani sana. Tofauti iko mwanzoni. Tumbaku ya mvuke huwekwa kwanza kwenye joto dogo lenye unyevu mwingi kwa siku mbili hivi, makusudi, ili iwe ya njano na wanga wake ugeuke sukari. Ikishafika hapo ndipo moto unapopandishwa. Candela huiruka hatua ile ya njano. Ukipenda, yote mawili ni majani yaliyosimamishwa safarini kwa moto, moja kwenye kituo cha pili na jingine kwenye cha kwanza. Ndugu yake wa karibu zaidi, kwa mantiki, hata si tumbaku. Ni chai ya kijani. Chai nyeusi na chai ya kijani hutoka kwenye mmea mmoja, na kinachozitenganisha ni kwamba ile ya kijani hupigwa moto mapema, kwa mvuke huko Japani, kwa karai la moto huko China, ili vimeng'enya vife kabla ya kuliletea jani weusi. Mtu anayekunywa chai ya kijani haambiwi kwamba chai yake haijaiva. Mvutaji wa candela huambiwa hivyo kila siku.

Kuna jambo la pili ambalo jani hili hulikosa, na nadhani lina uzito kuliko hata hizo siku tatu. Majani ya kawaida ya sigaa yakishakauka hupangwa marundo makubwa na kuvundikwa. Uzito na unyevu huleta joto ndani ya rundo, rundo hupanguliwa na kupangwa upya kila linapozidi, na kwa wiki au miezi jani hutoa amonia na kupoteza ule ukali unaokereketa koo. Yale ya maduro huvundikwa zaidi na kwa joto zaidi, ndipo weusi wake unapopatikana. Candela haiwezi kupitishwa humo. Ukiivundika, kijani kinakwenda, na bila kijani hakuna candela. Kwa hiyo huingia mezani kwa wasokotaji ikiwa na mengi ambayo wenzake waliyaacha njiani: klorofili, sehemu kubwa ya protini, wanga ambao haukupata muda wa kugeuka.

Sasa ukiwasikiliza wabishi upya, unawaelewa. Wanaoisifia hutaja nyasi zilizokatwa karibuni, majani makavu ya malisho, chai ya kijani, utamu mwepesi, mti wa mwerezi. Wanaoiponda hutaja nyasi hizohizo. Sitanii: maelezo ya makundi yote mawili yanafanana sana, tofauti ni sauti ya msemaji. Huyu husema ina ladha ya majani kama anayesifu, yule husema ina ladha ya majani kama aliyelishwa malisho ya ng'ombe. Wanaolalamika uchungu na kukauka kinywa hawajaota. Jani ambalo halikuvundikwa linaweza kuleta hayo. Wanaosema ni laini nao hawajadanganya, maana utamaduni wa muda mrefu ulikuwa kuisokota candela juu ya tumbaku nyepesi ya ndani.

Lakini ulaini huo si wa jani la kijani. Jani la nje ni sehemu ndogo sana ya uzito wa sigaa, na nguvu ya nikotini hutoka hasa kwenye tumbaku ya ndani. Msokotaji akiweka ndani majani ya juu ya mmea, yale manene yaliyopigwa na jua, sigaa itakuwa nzito hata ikivikwa rangi ya mtoto mchanga. Kampuni ya Illusione hutoa candela juu ya tumbaku ya Nikaragua, na mtengenezaji mwingine, Rocky Patel, anayo ya kwake iitwayo The Edge. Hizo hazikutengenezwa kwa ajili ya anayeogopa nguvu. Utasikia pia watu wakitaja asilimia: jani la nje huchangia sitini, themanini, tisini ya ladha yote. Namba hizo hurudiwa kwa kujiamini sana na watu ambao hawajawahi kuonyesha zilivyopimwa. Mimi huziacha zipite.

Hofu ya rangi ya kupaka ina mzazi halali. Sigaa za bei rahisi zinazotengenezwa kwa mashine mara nyingi hazivikwi jani bali shiti linalotengenezwa kwa tumbaku iliyosagwa, na shiti linaweza kutiwa rangi yoyote anayoitaka mwenye kiwanda. Candela ya jani halisi haihitaji. Itazame karibu: kijani chake hakilingani kila mahali, mishipa ina rangi yake, na hapa na pale kuna doa la njano pale ambapo vimeng'enya viliwahi. Mnanaa haumo.

Kisha kuna wale wanaosema ni mzaha wa sikukuu. Hawa nao nawaelewa. Kila Machi, karibu na tarehe 17, siku ya Mtakatifu Patrick ambayo Wamarekani huisherehekea kwa kila kitu cha kijani, viwanda hutoa candela za msimu. Kampuni ya Alec Bradley ina yake iitwayo Filthy Hooligan. Nyingine husokotwa kwa kupishanisha ukanda wa kijani na ukanda wa maduro, mbivu na mbichi zikazungushwa pamoja kama milia ya ile nguzo inayosimamishwa nje ya duka la kinyozi. Mtu aliyeijulia candela hapo lazima aone ni kichekesho cha mwaka mara moja.

Ila historia inamkatalia. Katikati ya karne iliyopita, kuanzia miaka ya 1940 hadi ya 1960, kijani ndiyo iliyokuwa rangi ya kawaida ya sigaa nchini Marekani. Biashara ilikuwa na lakabu yake: ya kijani iliitwa Uchaguzi wa Soko la Marekani, ya kahawia Uchaguzi wa Soko la Uingereza, kana kwamba bahari ya Atlantiki iligawa na ndimi za watu. Kuba ililima na kukausha candela kwa ajili ya jirani huyo. Viwanda vya Tampa, Florida, ambako mtaa wa Ybor City ulijengwa miaka ya 1880 kwa ajili ya wasokotaji, vilitegemea jani la Kuba. Nadhani fedha nazo zilisaidia kuipenda rangi hiyo: jani linalotoka bani kwa siku tatu na lisilohitaji miezi ya kuvundikwa hurudisha mtaji mapema. Halafu Februari 1962 Rais Kennedy akafunga biashara na Kuba. Viwanda vilitafuta majani kwingine, ladha za wateja zikahama kuelekea kahawia na weusi, na wimbi jipya la wavutaji lilipokuja miaka ya 1990, candela ilikuwa imeshakuwa sigaa ya babu. Leo hutoka zaidi Ekwado, Nikaragua na Hondurasi, kwa kiasi kidogo. Arturo Fuente, kampuni iliyoanzia Tampa mwaka 1912, bado wanayo.

Dai moja silipitishi kwa mzaha, lile la kwamba kijani ni asili na asili ni salama. Linavutia kwa sababu limebeba chembe ya kemia: nitrosamini, kundi la sumu za saratani zinazohusishwa na tumbaku, huongezeka wakati wa kukausha na kuvundika, bakteria wanapofanya kazi yao. Jani lililoruka hatua hizo linaweza kuwa na chache. Sawa, lakini ni jani moja jembamba. Tumbaku ya ndani ilivundikwa kama kawaida, nikotini iko palepale, na mtu akishawasha moto, lami na monoksidi ya kaboni haziulizi rangi. Taasisi ya saratani ya Marekani iliandika mwaka 1998 kuhusu sigaa kwamba huleta saratani za kinywa, koo, umio na mapafu, na sigaa moja kubwa inaweza kuwa na tumbaku sawa na pakiti nzima ya sigara.

Basi ni mbichi au si mbichi? Ukiniuliza mimi, ni mbichi, na sioni tusi katika neno hilo. Ni jani ambalo mtu alilikatiza makusudi kwa sababu alitaka ladha ya mwanzo wa safari. Anayeilinganisha na maduro na kuikuta na upungufu amefanya kosa la anayelilaumu tunda bichi kwa kutokuwa tamu, ilhali wengine wamelichuma kwa ajili ya ugwadu wake. Ambacho siwezi kukitetea ni candela iliyotengenezwa vibaya, ile iliyojaa madoa ya njano na uchungu wa jani lililochemka, na zipo nyingi za namna hiyo kiasi cha kuiharibia jina.

Anayeihifadhi naye ana kazi. Jani lililokaushwa kwa kasi hupasuka upesi unyevu ukishuka, na huchanika kirahisi mkononi. Kibaya zaidi ni mwanga. Klorofili haina ulinzi mbele ya mwanga bila jani hai la kuijenga upya, kwa hiyo sigaa iliyoachwa dirishani hupauka upande unaotazama nje. Hata gizani, miaka ikipita, kijani hupungua nguvu. Wakusanyaji wa vitu vya zamani huuziana masanduku ya candela za Kuba kutoka kabla ya 1962. Sanduku bado limepigwa muhuri wa claro claro. Ukilifungua, kilicholala ndani kina rangi ya majani makavu, kati ya njano na kahawia.